Kwa nini The Tuxedo ya Jackie Chan ilituangusha, ilhali fedha zilikuwepo?

MkandaWaZamani aliuliza:

Ndugu zangu wapenzi wa filamu za mapigano, naomba tulijadili jambo ambalo limenikaa moyoni tangu Jumapili iliyopita. Siku hiyo nilikaa na mwanangu wa miaka 12 tukatazama The Tuxedo, filamu ya mwaka 2002 ambayo Jackie Chan aliigiza kwa ajili ya studio ya DreamWorks. Kwa muda mrefu nilikuwa nimemsimulia mtoto huyu habari za stelingi niliyempenda tangu utotoni, enzi zile tulipokuwa tukibanana kwenye mabenchi ya kibanda cha video, tukitazama mikanda iliyochakaa hadi sura za watu zikawa zinatetemeka kwenye kioo. Picha ilipofika katikati, mwanangu akaniuliza, "Baba, kumbe ni suti ndiyo inayopigana?" Nilikosa la kumjibu, kwa sababu ndivyo ilivyo.

Kwa wale ambao hawajaitazama, Jackie Chan ni Jimmy Tong, dereva wa teksi anayeajiriwa kumwendesha tajiri mmoja aitwaye Clark Devlin. Kumbe Devlin ni jasusi. Anapojeruhiwa kwa bomu, Jimmy anaivaa suti yake ya sherehe, na suti hiyo ina uwezo wa siri wa kumfanya aliyeivaa apigane, acheze dansi na apande kuta bila kujifunza chochote. Adui ni mfanyabiashara wa maji ya chupa ambaye anataka kuyachafua maji ya watu wote ili wanunue ya kwake. Bajeti ilikuwa takriban dola milioni 60, na mapato ya dunia nzima yalifika takriban dola milioni 104, kiasi ambacho si cha kujivunia ukikumbuka kwamba majumba ya sinema huchukua sehemu yake kwanza.

Swali langu ni hili: kosa lilikuwa la nani? Je, ni la mwongozaji, la studio, la umri, au ni Jackie Chan mwenyewe aliyekubali kazi isiyomfaa? Sitafuti matusi dhidi yake, kwa maana mtu huyu nampenda hadi leo. Ninataka kuelewa.

Fundi_Uhariri alijibu:

Ndugu MkandaWaZamani, mwanao ameugusa mzizi wa tatizo kuliko wachambuzi wengi. Mimi kazi yangu ni kuhariri video, za harusi na za filamu fupi, na nimezikagua filamu za Jackie Chan kipande kwa kipande kwa miaka mingi, hivyo naomba nieleze kwa upande wa ufundi.

Kilichomtofautisha Jackie Chan na mastaa wengine wa kung fu ni kwamba tulikuwa tunamwona akihangaika. Hakuwa shujaa asiyeumia. Alipiga ngumi kisha akautikisa mkono kwa maumivu, alikimbia alipozidiwa, alinyakua kiti, ngazi au chochote kilichokuwa karibu, na kicheko chetu kilitokana na hofu ya kweli kwamba safari hii huenda asichomoke. Uwezo ule aliupata kwa mateso, kwa kuwa alilelewa tangu akiwa mtoto mdogo katika shule ya opera ya Kichina huko Hong Kong, chini ya mwalimu Yu Jim-yuen, akiwa pamoja na Sammo Hung na Yuen Biao, ambao nao walikuja kuwa nyota wa filamu, ambako mazoezi yalianza alfajiri na fimbo haikuwa mbali. Sasa fikiria hadithi inayomchukua mtu huyo, inamwambia ajifanye hajui kupigana, halafu inaipa suti sifa ya kila teke analolirusha. Hata pale anapofanya kwa mwili wake mwenyewe, macho yetu yanakataa kuamini, kwa sababu tumekwisha kuambiwa kwamba ni mashine.

La pili ni namna ya kupiga picha. Huko Hong Kong, kamera ilirudi nyuma ikamwonyesha kuanzia kichwani hadi miguuni, pigo likaanza na kutua ndani ya kipande kimoja. Na mhariri alipolazimika kukata, alirudia fremu chache za mwisho, yaani zile picha moja moja zinazounda filamu, mwanzoni mwa kipande kinachofuata ili jicho lione pigo likitua. Watazamaji hawatambui urudiaji huo, lakini wanausikia mwilini. Katika The Tuxedo kamera inasogea karibu mno, kipande kinakatwa kabla pigo halijafika, na waya za kumning'iniza mwigizaji pamoja na kompyuta vinamalizia kilichobaki. Mwongozaji Kevin Donovan alitoka kwenye matangazo ya biashara, na hiyo ilikuwa filamu yake ndefu ya kwanza. Simlaumu kwa kuwa mgeni, kwani kila mtu ana siku yake ya kwanza kazini, ila studio ilimkabidhi chombo ambacho hakuna aliyekuwa amemfundisha kukitumia.

Linganisha na Rush Hour ya mwaka 1998. Ile nayo ni ya Hollywood, lakini humo yeye ni Inspekta Lee, askari anayeijua kazi yake. Karibu na mwisho anapambana ndani ya maonyesho ya sanaa ya Kichina, huku akiidaka mitungi ya thamani isije ikavunjika, na anampiga adui kwa mkono mmoja huku wa pili umeukumbatia mtungi. Kituko kile kinatokana na ustadi wake mwenyewe, na ukimwondoa yeye pale hakuna kinachobaki.

Bi_Tausi alijibu:

Nakubaliana na kaka Fundi, lakini ningependa turudi nyuma zaidi, kwa sababu jambo hili halikuanza mwaka 2002. Hollywood ilimwita mara ya kwanza mwaka 1980 katika The Big Brawl, iliyoongozwa na Robert Clouse, yule yule aliyemwongoza Bruce Lee katika Enter the Dragon, na filamu haikuwashika Wamarekani. Mwaka 1981 alipewa nafasi ndogo katika The Cannonball Run. Mwaka 1985 wakamfanya askari mkavu wa New York katika The Protector, ambamo yeye na mwongozaji James Glickenhaus hawakuelewana kabisa kuhusu namna ya kupiga picha za mapigano, hata Jackie Chan akapiga upya baadhi ya sehemu na kuihariri filamu nzima kwa ajili ya watazamaji wa Hong Kong. Jibu lake kamili lilikuwa Police Story, aliyoiongoza mwenyewe mwaka huo huo. Kwa hiyo mtu huyu alikuwa anajua vizuri, miaka 17 kabla ya The Tuxedo, ni nini kinaharibika anapowaachia wengine usukani. Hilo ndilo linaloniuma.

Kuna jambo moja dogo ambalo naomba mlitazame wenyewe. Sote tunayakumbuka yale makosa ya wakati wa kupiga picha yanayoonyeshwa mwishoni majina yanapopita. Utaratibu huo aliuona katika The Cannonball Run, akaenda nao nyumbani, na huko ukageuka kuwa kitu kingine: tulimwona akianguka vibaya, akibebwa kwenye machela, akitokwa damu, na katika Rumble in the Bronx akivalishwa soksi iliyochorwa ifanane na kiatu juu ya bandeji ya mguu uliovunjika, ili aendelee na kazi. Sasa tazameni makosa ya mwishoni mwa The Tuxedo. Ni watu wanaosahau maneno na kuangua kicheko, na yeye akipambana na matamshi ya Kiingereza. Mtu aliyekuwa akipambana na ukuta wa ghorofa amebaki anapambana na sentensi, na wenyeji wake wanaona hilo ndilo la kuchekesha. Niliumia nilipolitambua.

Kipanga alijibu:

Naomba nitofautiane nanyi kwa heshima, kwa sababu naona tunamdai mtu huyu deni ambalo alikwisha kulilipa. Filamu ilipotoka Septemba 2002 alikuwa na umri wa miaka 48. Mwaka 1986, wakati wa kutengeneza Armour of God huko Yugoslavia, alianguka kutoka mtini fuvu likapasuka, akafanyiwa upasuaji wa kichwa. Vifundo, mbavu, pua na vidole alikwisha kuvivunja zaidi ya mara moja. Sisi tuliokuwa tumeketi kwenye mabenchi tukishangilia hatukuvunjika hata ukucha. Tukimlaumu kwa kukubali kazi iliyokuwa na malipo mazuri, ratiba inayoheshimiwa, pamoja na watu wa bima wanaomkataza kujirusha, tunamlaumu kwa kutaka kuishi.

Tena msisahau kwamba kabla ya hapo Hollywood ilikuwa imemnyookea. Rush Hour 2 ya mwaka 2001 iliingiza takriban dola milioni 347 duniani. Mtu anayetoka kwenye mafanikio kama hayo angejuaje kwamba kinachofuata kitakuwa dhaifu? Na ndani ya The Tuxedo kipo kipande ambacho siwezi kukubali kiitwe kibaya: pale anapomwangusha mwanamuziki James Brown kwa bahati mbaya nyuma ya jukwaa, akalazimika kupanda yeye mwenyewe na kucheza badala yake. Mabega, magoti, kiuno, kila kiungo kinajibu ngoma kwa wakati wake. Suti au si suti, ule ni mwili wa Jackie Chan.

Fundi_Uhariri alijibu:

Ndugu Kipanga, kuhusu James Brown umenishinda, nami nakiri. Lakini hebu jiulize kwa nini kipande hicho kinafaa: kamera imetulia mbali, anaonekana mzima, na anaachwa acheze kwa sekunde nyingi bila kukatwa. Wangemtendea hivyo hivyo katika mapigano, nisingeuliza habari za umri. Fred Astaire, yule mcheza dansi wa Hollywood, alicheza kwenye filamu akiwa amepita miaka 50, na watu wakaona raha, kwa kuwa aliyekuwa ameishika kamera aliujua uzito wa aliyekuwa mbele yake.

Kuhusu usalama wake tuko pamoja kabisa. Sitamani aanguke tena kutoka mtini. Ninachokidai ni kwamba studio iliyokuwa na dola milioni 60 ingeweza kumwandikia mtu wa makamo anayejua kupigana na ambaye mwili umeanza kumgomea, jambo ambalo lilikuwa la kweli na lingetuchekesha na kutugusa. Badala yake miaka miwili baadaye Hollywood ikamweka katika Around the World in 80 Days, iliyogharimu takriban dola milioni 110 na kurudisha takriban milioni 72 tu. Mwaka huo huo wa 2004 akarudi Hong Kong kutengeneza New Police Story, akaigiza askari mlevi aliyewapoteza vijana wake kazini, na pale nilimwona tena.

MkandaWaZamani alijibu:

Nawashukuru nyote. Nimeyasoma majibu haya mara mbili, na jana usiku nikamwekea mwanangu Police Story. Sikumweleza chochote mapema. Tulipofika mwisho, pale ndani ya duka kubwa, Jackie Chan anaporuka kutoka juu na kuushika mlingoti uliozungushiwa taa, akateremka nao hadi chini huku taa zikipasuka mikononi mwake, mtoto aliacha kutafuna. Kipande kile kinarudiwa kutoka pembe tatu, lakini hakikumtosha, akaniomba nirudishe nyuma. Kisha akataka kujua kama mikono iliungua kweli. Nikamwambia ndiyo, iliungua, na mgongo pia aliuumiza.

Bi Tausi, yale ya mwishoni nayo tuliyatazama hadi jina la mwisho. Kipanga, nitamwonyesha kile kipande cha James Brown peke yake, bila filamu iliyobaki. Jumapili ijayo ni zamu ya Project A, na mwenye ushauri kuhusu ipi ifuate baada ya hiyo, kwa mtoto wa umri wake, naomba aniandikie hapa hapa.