"MFUMO UMELALA, MSIUAMSHE" – wallahi leo nimedhalilishwa

Mnamjua. Yule wa tiketi za boti, simu tatu mkononi. Simtaji.

Asubuhi hii bandarini Malindi, foleni imefika Darajani, bwana mkubwa kaagiza nauli ya mtoto ibadilishwe. Ya mtoto tu! Mfumo mzima chini: tiketi, mizigo, orodha ya abiria, mpaka printa. Vyote vimeshonwa pamoja, ukigusa kimoja sharti uzime kila kitu, uwashe upya, usome dua. Watu wanafoka, yeye anatoka kifua mbele: "Mfumo umelala, msiuamshe." Kisha ananinyooshea mie kidole: "Fundi mwenyewe huyu hapa."

Mie! Niliyesema tangu mwanzo nauli iwe moduli yake, yaani kipande chake cha programu, mizigo yake, zipeane taarifa kwa API tu, ule mlango wa programu kuulizana, ukiitoa moja nyengine hazina habari. Akanambia nataka kuuvunjavunja mfumo. Erlang hiyo, lugha ya kuandikia programu, Ericsson waliianza 1986 kwa mitambo ya simu: moduli mpya inaingia, ya zamani inabaki mpaka waliomo wamalize, mtu hakatiwi simu. Sie tunazima umeme Unguja nzima kubadili balbu ya chooni.

"Umelala." Mbele ya kadamnasi! Bibi mmoja akaniuliza utaamka saa ngapi.

UrojoWaMoto: Fundi mwenyewe huyu hapa 😂😂😂

MtuWaWete: Yakhe, nauli si unaiweka kwenye databezi tu? Tarakimu moja hiyo, Erlang ya nini?

Mwenye uzi: NDIVYO NILIVYOSEMA! Nikajibiwa nini? Umelala!

BiKodi: Kubadili moduli si kazi. Kazi ni yule aliyeshachagua kiti hajalipa, taarifa zake zimo kwenye memori kwa muundo wa zamani. Huyo unamhamishaje?

UrojoWaMoto: Unamhamishia boti ya jioni.

BinPwani: Unguja nzima kuzimwa unaona mfano? Disemba 2009 mpaka Machi 2010 tulikaa kiza, mlikuwa wapi?

MtuWaWete: Miezi mitatu tu mnaisimulia mpaka leo! Sie Pemba waya wa kutoka Tanga umetufikia 2010, kabla yake ni jenereta tu.

Mwenye uzi: Jamani, uzi wa programu huu.

BinPwani: Friji langu liliungua umeme uliporudi. Fundi kalichukua "kulitazama". Analitazama mpaka leo.

BiKodi: Wa Mwanakwerekwe huyo? Ana na pasi yangu.