Naomba ushauri: Bi mkubwa anatoka Tanga kwenda Toronto, apitie Dubai au Istanbul?

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Mama yangu ana miaka 71, miguu humvimba akikaa sana. Dada yuko Toronto na anataka kumkatia tiketi.

Kwa mstari ulionyooka, Dar hadi Toronto ni kama kilomita 12,800, ila hakuna ndege ya moja kwa moja. Kupitia Dubai ni kama saa 5 na nusu, kisha kipande kirefu cha saa 14 hivi. Istanbul ni saa 7 hivi, halafu 10 na ushee. Kwa miguu ile mimi naona Istanbul, ila dada ameng'ang'ania Dubai kwa kuwa nauli ni nafuu. Tena anahesabu saa za kwenye tiketi bila kukumbuka kwamba Toronto wako nyuma yetu kwa saa 7 au 8, basi safari anaiona fupi!

Waliosafirisha wazee, kipi kinachosha zaidi? Na kiti cha magurudumu kinaombwa wakati wa kukata tiketi au palepale uwanjani? Halafu basi la Tanga hadi Dar, tulale huko siku moja kwanza au tuunganishe?