Naomba ushauri: ng'ombe wanajaza ramani kwenye mchezo wa mkakati

Wakuu, mchezo wetu unaanzia Ntusi (makazi ya kale ya wafugaji, Uganda ya leo) ya karne ya 11, zamu moja ni mwaka. Kundi likiongezeka asilimia 20 kwa zamu, ng'ombe 10 wanafika 62 zamu ya 10, na zamu ya 30 wanapita 2,300: ramani yote pembe! Nikishusha hadi 5, wachezaji wanalima tu, hakuna anayefuga. Mtamba huzaa akiwa na miaka mitatu hivi, kwa hiyo nafikiria kutenga ndama, mitamba, majike na mafahali.

Mbung'o ndio wananichanganya. Kichaka kikifyekwa wanapungua, watu wakihama kinaota tena. Je, nagana (ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na mbung'o) iue kwa bahati nasibu, au kulingana na kichaka kilichopo kwenye mraba? Pundamilia nimemzuia kabisa asifugwe, mnaonaje?