Kushusha nyuma ya pikapu ya kazi: bloku, shakoli au kutoa majani ya springi?

Kibwenzi
Wakuu, heshima mbele. Nina Hilux 2WD ya miaka ya 1990, kabini moja. Mbele imekaa vizuri, ila nyuma ikiwa tupu imebinua makalio. Kila siku nipo Mbagala–Kariakoo na kreti za soda na maji, na kijana wangu wa mzigo anachoka kunyanyulia kifuani. Sitaki gari la maonyesho. Nataka ishuke inchi mbili tu na iendelee kubeba. Fundi mmoja anasema tutoe majani mawili ya springi, wa pili tuweke bloku (kipande cha kukaa kati ya springi na ekseli), wa tatu tubadilishe shakoli (kiungo kinachoshika ncha ya springi kwenye chesisi). Nimsikilize nani?

Fundi Mstaafu
Kabla ya kumsikiliza yeyote, lala chini ya gari utazame springi zimepita juu ya ekseli au chini yake. Hilux 2WD fupi za umri huo, na Nissan Hardbody 2WD pia, kwa kawaida zimepita chini. Hapo bloku la inchi 2 likikaa kati ya springi na ekseli, gari linashuka inchi 2 kamili. Kwenye 4x4 springi ziko juu ya ekseli, na bloku hilohilo linanyanyua gari. Kuna watu wamelipia kushushiwa wakaondoka na gari refu kuliko walivyokuja nalo.

Dada Simenti
Kaka Kibwenzi, hao wa kutoa majani waambie asante, kwaheri. Yangu niliinunua ikiwa imeshatolewa. Tupu ilikuwa inapendeza na inabembea kama kitanda. Siku ya kwanza ya kuipakia mifuko kumi ya simenti, nusu tani hiyo, ekseli ikalala kwenye stopa, kile kizuizi cha mpira chini ya chesisi, na kila tuta la Chanika ni kishindo mpaka kwenye meno. Nikatafuta majani ya mtumba mtaa wa Gerezani nikarudisha.

Fundi Mstaafu
Umesema kweli dada. Jani likitoka, gari linashuka kwa sababu springi imelegea, na mzigo ukipanda linashuka tena. Tena ukikanyaga mafuta kwa nguvu, springi iliyobaki inajikunja na pua ya difu, pale propela inapoingia, inanyanyuka, hapo ndipo krosi (viungo) za propela zinapoanza kugonga. Bloku halilegezi chochote, uwezo wa kubeba unabaki uleule. Kinachopungua ni nafasi kati ya ekseli na stopa.

Mtu wa Changamwe
Hamjambo wenzangu. Huku Mombasa wengi hukimbilia shakoli kwa sababu ni rahisi: bolti mbili kila upande umemaliza. Lakini mjue hesabu yake. Shakoli imeshika ncha moja tu ya springi, kwa hivyo ukibadilisha urefu wake kwa inchi 2, gari husogea kama inchi 1. Halafu springi yote inainama upande huo, na pua ya difu inabadilika pembe. Kwa inchi moja sioni neno. Ukitaka mbili kwa shakoli peke yake, propela itaanza kutetemeka ukikolea mwendo, na utatafuta kabari za kurekebisha pembe. Bloku lililo bapa halina shida hiyo.

Slami Boy
Mnajadili inchi mbili kweli? Hamisha ekseli ipande juu ya springi, unapata inchi 5 na zaidi kwa mkupuo.

Fundi Mstaafu
Kijana, Hilux kama ya Kibwenzi kwa kawaida ekseli iko juu ya springi tayari, hamna cha kuhamisha. Hiyo ni kazi ya magari ambayo springi zimekaa juu, kama Chevrolet Silverado za Wamarekani. Na kwa mshuko huo ekseli inafika kwenye chesisi, mpaka ukate chesisi umbo la nusu duara na kuchomea bamba la kuimarisha. Gari la kreti za soda halihitaji hayo.

Kibwenzi
Shikamoo mzee. Nimelala chini, springi ziko chini ya ekseli. Kwa hiyo bloku. Ila nimeona fimbo nyembamba inatoka kwenye ekseli kwenda kwenye kidude cha breki kwenye chesisi. Ina kazi gani? Fundi wa bloku anasema tuiache.

Fundi Mstaafu
Marahaba. Usiiache! Hiyo ni valvu inayopima mzigo. Gari likipakiwa, chesisi inakaribia ekseli, fimbo inasukumwa, valvu inaruhusu breki za nyuma zipate nguvu zaidi. Likiwa tupu inazibana ili matairi ya nyuma yasikamate kabla ya mbele. Sasa ukilishusha inchi 2, valvu inadhani umebeba muda wote. Utakuwa tupu Barabara ya Kilwa, mvua inanyesha, unakanyaga breki kwa bajaji iliyojitokeza, nyuma inafunga na mkia unakupita. Fundi asogeze kishikio cha fimbo kwa kiasi kilekile gari lilichoshuka, kisha mjaribu breki mahali pa wazi, tupu kwanza, halafu na mzigo.

Mtu wa Changamwe
Hili la valvu ndilo wengi hawaambiwi. Naongezea shokapu. Gari likiwa limeshushwa na tupu, pima ile fimbo inayong'aa ya shokapu iliyobaki nje, kisha pima nafasi ya ekseli mpaka kwenye stopa. Fimbo ikiwa fupi kuliko nafasi hiyo, shokapu itagota kabla ya stopa na itavuja mapema. Nunua fupi. Stopa unaweza kuipunguza kidogo, usiing'oe.

Dada Simenti
Na bloku liwe la chuma. Kuna niliyemwona kaweka mbao za mninga, eti ni ngumu.

Kibwenzi
😂 Mbao hapana. Yubolti za zamani, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi na ekseli, zitafika?

Fundi Mstaafu
Hazifiki, na hata zingefika usizirudie, zikishavutwa mara moja basi. Chukua unene wa chuma, upana wa ndani unaokumbatia ekseli, na urefu wa mguu wa zamani, ongeza inchi 2. Bloku liwe na chuchu upande mmoja na tundu upande wa pili: kichwa cha senta bolti (bolti ya katikati ya springi) kinaingia kwenye tundu, chuchu inaingia kwenye kikalio cha ekseli. Bila hivyo ekseli inateleza na gari linatembea upande. Kaza kwa mkingamo, na baada ya kilomita mia mbili tatu rudi ukaze tena. Bloku mbili juu ya moja, marufuku.

Mtu wa Changamwe
Taa pia, Kibwenzi. Nyuma ikishuka, pua inatazama juu na wenye kuja mbele yako utawamulika machoni. Zishushe siku hiyohiyo, jioni, ukutani.

Kibwenzi
Nimeandika yote. Jumamosi naingia Gerezani na yubolti ya zamani mkononi.