Nyambizi za watu vilindini: ziendelee au tuwaachie roboti?

Jamani hii ishu naomba tuijadili kwa hoja. Tangu nyambizi ya Titan ipondwe na presha ya maji Juni 2023 na watu 5 wakafa wakielekea kwenye mabaki ya Titanic, kila ukitaja nyambizi ya vilindini unaambiwa basi inatosha, binadamu asishuke tena, tutume roboti tu. Mimi nakataa.

Titan haikuwa na cheti cha shirika lolote huru la ukaguzi, na bodi lake lilikuwa pipa la kaboni faiba wakati nyambizi nyingine za kina kirefu watu wanakaa ndani ya tufe la titaniamu au chuma, maana tufe linagawa presha sawasawa pande zote, na kwenye vilindi vya mwisho kabisa vya bahari presha inapita tani moja kwa kila sentimita ya mraba, huko hakuna kubahatisha. Wataalam wa fani hiyohiyo walishaonya tangu 2018, hawakusikilizwa, na hilo linaniuma sana.

Sasa angalia nyambizi ya Alvin ya Marekani, inazama tangu 1964 na hakuna mtu aliyefia ndani yake. Mwaka 1977 karibu na Galápagos kamera ya kuburutwa na meli ndiyo iliyotangulia kuona, sawa, ila watu waliposhuka na Alvin ndipo walipozikagua kwa karibu zile chemchemi za maji moto na viumbe wanaoishi bila kutegemea mwanga wa jua. Vyote viwili vilihitajika. Na Fendouzhe ya China ilifika mita 10,909 mwaka 2020 ikiwa na watu watatu, wakarudi salama.

Upande wa roboti mna hoja nzito moja, roboti ya Nereus ilipotea 2014 kwenye Kermadec, bonde refu la chini ya bahari ya Pasifiki, na hakuna familia iliyolia. Hilo sibishi. Ndo maana nasema abiria wa kulipia asiingizwe kabisa kwenye chombo kisichokaguliwa, na kwa kuwa maji ya kimataifa hayana askari, kibano kiwe bandarini, chombo hakina cheti basi kisipakiwe kwenye meli ya kukipeleka baharini, hata abiria asaini makaratasi elfu kwamba kifo ni juu yake.

Nyie mnaotaka zote zipigwe marufuku, hebu nijibuni: Alvin na Fendouzhe zimekosa nini?