Mnaofundisha pindo la nje la suruali kwa "acha sentimita 5", mnaharibu nguo za watu!

Wakuu, hili limezidi sasa. Nasema pindo la nje, ule mkunjo wa chini ya mguu unaopandishwa na kuonekana kwa nje; wenye video wanasema uache sentimita 5 tu za kitambaa chini ya urefu wa suruali.

Kila siku inapita video ya dakika moja: mtu anashika mguu wa suruali, anaukunja kwa nje mara mbili, anapitisha cherehani mzunguko mzima, anatangaza "tayari, pindo la nje hilo". Si pindo hilo! Angalieni kinachoonekana: ni mgongo wa kitambaa, siyo uso. Kwenye gabadini rangi inafifia, kwenye jinzi panakuwa peupe. Na ule mshono wa juu kwa juu unavuta kitambaa, baada ya kufua mara mbili pindo limejikunjakunja kama ukosi wa shati lisilopigwa pasi.

Baya zaidi ni hizo sentimita 5. Mtu anawaamini, anakata suruali mpya ya suti, na kitambaa kikishakatwa hakirudi. Hesabu yenyewe ni hii: zidisha upana wa pindo mara tatu, toa moja. Pindo la sentimita 4 linataka sentimita 11 chini ya urefu kamili wa suruali. La 3.5 linataka 9.5. La 3 linataka 8. Hizo 5 zenu zinatoa pindo la sentimita 2, na hakuna mtu mzima anayetaka pindo la sentimita 2 kwenye suruali ya suti.

Kwa nini 11? Sentimita 4 za kwanza zinapanda nyuma ya pindo, hazionekani. Nne zinazofuata ndizo uso wenyewe. Tatu za mwisho zinaingia ndani ya mguu kushikilia kazi. Basi geuza suruali ndani nje, chora kwa chaki mistari minne: A ni urefu kamili, B ni 4 chini ya A, C ni 8, D ni 11. Unakata D tu, na unakata baada ya kuchora miguu yote miwili. Pima kila mguu peke yake, viatu vikiwa vimevaliwa. Kama ni pamba, fua na upige pasi kabla hujachora chochote, maana kikiruka (kikipungua urefu) baadaye huna cha kushusha.

Piga ovaloki (mshono wa kuzuia ukingo usifumuke) kwenye D. Kunja kwa ndani kwenye B, mgongo kwa mgongo, pasi juu ya kitambaa kibichi, ukiikandamiza na kuinyanyua, siyo kuiburuta. Ukingo wa D utafika sentimita 3 juu ya mstari A. Piga bandi (mishono ya muda ya mkono), kisha cherehani, nusu sentimita kutoka ukingoni, hatua ya milimita 3. Geuza suruali uso nje, pandisha pindo kwa kukunja kwenye A. Ule mshono uko sentimita 2.5 juu ya A na pindo linafika 4, kwa hiyo umefichwa. Ndiyo maana ya "toa moja". Ukiacha 5 za ndani badala ya 3, mshono unachungulia juu ya pindo na kazi yote imeoza.

Halafu mnafunga pindo kwa mkono, mishono minne au mitano, kwenye mshono wa ndani wa mguu na ule wa pembeni tu, sentimita 1 chini ya ukingo wa juu, uzi usitokeze usoni. Basi. Hakuna kuzungusha cherehani!

Na sasa kosa ambalo hata mafundi wenye vibanda vyao wanalifanya na kulichajia hela: suruali inayopungua kwenda chini. Chukua mguu wenye mzunguko wa sentimita 42 pale pindo litakapoishia juu, na 41 kwenye A. Ukiendelea kukata kwa mstari uleule, B itakuwa 40 na C itakuwa 39. Ukipandisha, ukingo wa 40 unalazimishwa kukumbatia mguu wa 42. Haukubali. Mguu unajikusanya ndani yake na mteja anaambiwa "itanyooka ukivaa". Hainyooki kamwe. Chini ya A mishono lazima ipinduke kama kivuli kwenye kioo: A 41, B 42, C 41 tena, kisha inatanuka kidogo kuelekea D. Ukiitandaza inaonekana kama imepinda, na ndivyo inavyotakiwa.

Kwa suruali iliyokwisha kushonwa, fumua mishono yote miwili kutoka A kwenda chini. Ikiwa ndani kuna sentimita 1 ya akiba (kitambaa cha ziada) kila upande wa mshono, achia nusu sentimita kila upande: mishono miwili, jumla unapata 2, na B inarudi 42. Zile sentimita 3 za mwisho ziache bila kushonwa, zipige ovaloki tu, zitajitanua zenyewe ndani ya mguu. Suruali ya modo kwa kawaida haina akiba ya kutosha kwa jinsi inavyobana. Mwambieni mteja ukweli badala ya kuchukua kazi.

Jibu la 2

Mkuu, umewasema vizuri, ila ongeza unene wa kitambaa. Mstari C unazunguka juu ya A, kwa hiyo kitambaa kizito kinakula milimita. Kwa sufu nzito au jinzi, shusha C na D kwa milimita 2 au 3 na tanua mzunguko wa B kwa milimita 4 hivi. Wanaopuuza hili ndio wanaolalamika kwamba mstari wa chini haukai pale walipochora.

Jinzi nayo, sindano ni 100/16, siyo 90/14 ya gabadini. Pale mishono inapokutana kuna tabaka nyingi, sindano ikigonga inakatika au inaruka hatua. Fungua mishono ndani ya pindo, ilaze huku na huku, igonge kwa nyundo juu ya kitambaa kabla ya kushona.

Jibu la 3

Kuna wale wa gundi ya pasi (inayoyeyushwa kwa pasi badala ya kushona) nao watajwe! Gundi ile hailingani na pindo la nje, pale chini ndipo panaposuguana na kiatu na panapofuliwa kwa nguvu. Inaachia vipande vipande na kuacha madoa magumu yasiyotoka.

Swali kwa mwenye uzi (aliyeanzisha mada hii): suruali ya mtumba yenye akiba ya sentimita 5 ndani unaifupisha kwa 6, hesabu inatimia 11. Mbona bado inatoka vibaya?

Mwenye uzi

Kwa sababu mstari wa pindo la zamani unaangukia sentimita 6 chini ya A, yaani katikati kabisa ya uso mpya. Siki na maji nusu kwa nusu kwenye kitambaa cha pasi vinaondoa alama ya kukunjwa, jaribu kwanza sehemu isiyoonekana. Lakini kama nyuzi za kitambaa kwenye mkunjo huo zimechakaa na kuwa nyeupe, hakuna dawa. Kagua mstari huo kwenye mwanga kabla ya kukubali kazi.

Na ikiwa kitambaa kimeishia sentimita 9.5 chini ya A, pindo la 4 bado linawezekana. Unga ukanda wa bitana wa sentimita 2.5 kwenye ukingo, ukila nusu sentimita kila upande wa kiungo. Kiungo kitakaa sentimita 1 juu ya C, ndani ya mguu, mbali na mkunjo.

Jibu la 5

Kwamba pindo hili linakula kitambaa si jambo jipya. Uingereza mwaka 1942, wakati wa vita, serikali ililipiga marufuku kwenye suruali za wanaume ili kuokoa kitambaa. Watu wakawa wananunua suruali ndefu kuliko miguu yao na kuzikunja wenyewe nyumbani. Na leo kuna mtu anafundisha sentimita 5!

Mwenye uzi

Ndiyo hasira yangu yote. Wenye video hizo, ziondoeni. Au angalau andikeni chini yake: upana mara tatu, toa moja, na chini ya A mishono igeuke.