Ushauri: Baba mkubwa ana miaka 84, nimwombe atoe mate ya kupima DNA au niache?

BintiMapipa

Heshima kwenu wakubwa, wadogo zangu salaam. Naombeni ushauri kwenye jambo la ukoo. Nitaeleza kwa kirefu kidogo ili anayejibu ajue anajibu nini.

Kwetu ni Magomeni Mapipa, ila babu mzaa baba alitokea Kilwa Kivinje. Tumekua tukiambiwa sisi ni Washirazi, yaani uzao wa watu wa Uajemi, na babu alikuwa anawataja baba zake saba kwa mpangilio bila kukwama. Kwa upande wa bibi mzaa baba habari ni fupi. Alizaliwa Bagamoyo, mama yake "aliletwa" akiwa mtoto, basi. Ukimuuliza aliletwa na nani na kutoka wapi, anakwambia uchambue mchele.

Kitu kimoja tu bibi hakukificha: alikuwa na mdogo wake wa kike aliyeolewa Unguja, na baada ya 1964 hakusikika tena. Kila Idi bibi akinunua doti ya kanga anavaa kipande kimoja, kile cha pili anakikunja na kukiweka chini kabisa ya kabati. Cha mdogo wake. Tulipogawa nguo zake baada ya arobaini tulivikuta vyote, vingine havijakatwa pindo, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuvichukua.

Sasa mdogo wangu wa kiume anaishi Texas, mwaka jana akapima DNA ya asili. Majibu: karibu yote Afrika Mashariki na Kongo. Uajemi sifuri, Uarabuni sifuri. Kundi letu la WhatsApp la ukoo liliwaka moto wiki nzima. Lakini kwangu hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba kwenye orodha ya watu wanaofanana naye vinasaba ametokea kijana wa Maskati, wanachangia kama asilimia 3. Ameandika kwamba bibi yake mzaa mama alikuwa mtu wa Bagamoyo, aliondoka Unguja 1964, amefia huko, na mpaka mwisho alikuwa akisema ana dada yake bara.

Baba mkubwa ndiye mtoto pekee wa bibi aliyebaki hai. Baba yetu alishatangulia. Shangazi tulikuwa naye mmoja tu, naye alifariki, hakujaaliwa mtoto. Mzee akili yake ni timamu, ila mwili umechoka. Mdogo wangu anakuja Desemba na anataka aje na vichupa vya kupimia. Kaka zangu, watoto wa baba mkubwa, wamekataa. Mmoja anasema tutachimbua mambo ya utumwa tujiaibishe, mwingine anasema huyo wa Maskati akishathibitishwa atadai nyumba. Mzee mwenyewe bado hajaambiwa chochote.

Maswali yangu: mate ya baba mkubwa yatasaidia kweli kujua kama kijana ni mjukuu wa mdogo wake bibi? Na je, ni haki kumwomba?

Kaka_wa_Ubungo

Mwache mzee apumzike. Miaka 84 unamletea mambo ya maabara za Wazungu? Undugu ni kulelewa na kuzikana.

Maabara_Upanga

Dada, mimi kazi yangu ni maabara, nijibu swali la kwanza.

Kila mtu anapata nusu ya vinasaba kwa baba na nusu kwa mama, kwa hiyo kiasi mnachochangia kinapungua kila kizazi. Wajukuu wa ndugu wawili wa damu huchangia wastani wa asilimia 3 hivi. Kama kijana ni mjukuu wa mdogo wake bibi, basi yeye na mdogo wako wako hapo hapo kwenye hesabu. Tatizo ni kwamba wapo ndugu wa aina nyingine wanaoweza kutoa asilimia hiyo hiyo, wakiwemo wa upande wa mama yenu.

Hapo ndipo baba mkubwa anapoingia. Yeye yuko kizazi kimoja juu, anatakiwa achangie na kijana wastani wa asilimia 6. Akitoka karibu na hapo, upande wa mama yenu unaondoka kwenye mjadala. Akitoka sifuri, undugu wa kijana na mdogo wako umepita kwingine na hadithi ya bibi haihusiki.

Lakini asilimia peke yake haitenganishi upande wa bibi na upande wa babu, kwa kuwa mzee amebeba wote wawili. Kinachosaidia hapo ni DNA ya mitokondria, ile anayoirithisha mama peke yake. Mama anawapa watoto wake wote, wa kiume na wa kike, lakini mtoto wa kiume haipitishi kwa watoto wake. Baba mkubwa ana ya bibi. Watoto wake wana ya mama yao, wewe una ya mama yako. Kijana wa Maskati, kama bibi yake ni mzaa mama, anayo ya bibi yake. Zikilinganishwa na zikawa tofauti, basi bibi yako na bibi yake hawakuwa ndugu wa tumbo moja. Zikiwa sawa, haitoshi kuwa ushahidi peke yake maana watu wengi wanaweza kuchangia mstari mmoja wa kale, ila ukijumlisha na ile asilimia 6 na maelezo ya Bagamoyo, mimi ningeridhika.

Na kwa kuwa shangazi hakuacha mtoto, katika watoto wa bibi yako mstari huo unaishia kwa mzee.

Kuhusu Uajemi sifuri, waambie wasigombane. Baba wa saba wa babu yenu ni mmoja kati ya watu 128 wa kizazi kile waliomleta babu duniani. Kwa wastani mchango wake kwa babu haufiki asilimia 1, na kwa mjukuu wa babu ni mdogo zaidi, unaweza ukawa umepotea kabisa. Isitoshe, makampuni haya yanakulinganisha na watu walio hai ambao tayari wana sampuli zao, na sampuli za Kilwa, Lindi na Rufiji ni chache. "Kongo" kwenye yale majibu isomeni kama jina la kundi la watu wanaofanana vinasaba, msiisome kama kijiji alichotoka mtu. Mnaotaka habari za ubaba kwa ubaba mtazame kromosomu Y, ile baba anayompa mtoto wa kiume tu, na hiyo mdogo wako anayo tayari, hakuna haja ya kumsumbua mzee kwa ajili hiyo.

Mwana_wa_Kivinje

Niongezee kwenye Ushirazi maana ni kwetu. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa DNA ya mifupa ya watu 80 waliozikwa kwenye miji ya kale ya Waswahili na jirani zake, Kilwa, Songo Mnara na Lindi ikiwemo, pamoja na Manda, Faza na Mtwapa kule Kenya. Mmoja wa walioongoza ni mwanaakiolojia Mkenya, Chapurukha Kusimba. Walikuta kwamba kuchanganyika kwa Waafrika na watu wa Uajemi kulianza kama mwaka 1000, na kwamba upande wa Uajemi ulikuja zaidi kwa wanaume na upande wa Afrika zaidi kwa wanawake. Kwa hiyo wazee wetu hawakutunga. Ila waliokuwa wakitajwa kwenye nasaba ni akina baba, wakati mama zao walikuwa watu wa hapa hapa. Babu yako alitaja baba saba. Mama saba nani aliwataja?

Mzee_wa_Kaole

Binti yangu, nimesoma yote. Nataka niseme kuhusu hiyo aibu.

Bagamoyo ndipo misafara ya Ujiji na Tabora ilipoishia. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873 kwa mkataba wa Sultani Barghash, lakini utumwa wenyewe huku bara uliendelea. Wajerumani walitoa hati za uhuru kwa mtu mmoja mmoja, hawakuufuta. Ulifutwa na Waingereza 1922. Piga hesabu uone ni karibu kiasi gani. Mimi nimewaona kwa macho yangu watu ambao mama zao walizaliwa ndani yake. Familia nyingi za pwani hii zina mtu "aliyeletwa", na wengi ndio waliojenga mitaa, wakasomesha watoto, wakawa masheikh. Aibu ni ya aliyeuza.

Tena usikimbilie kuhitimisha. Mtoto wa zama zile aliweza "kuletwa" kwa njia nyingi. Wapo waliotekwa. Wapo waliowekwa rehani na wazazi wao wakati wa njaa ili wapate chakula. Wapo waliokombolewa na mapadri wa misheni ya Bagamoyo, ile iliyoanza 1868. Hakuna kipimo kitakachokwambia ipi kati ya hizo. Mtu pekee anayeweza kuwa aliwahi kusikia neno ni huyo baba yako mkubwa, maana watoto wa kiume walikuwa wanalala miguuni kwa mama zao na kusikia ya usiku. Kabla ya mate, chukua maneno yake. Kaa naye, washa simu, mrekodi. Muulize nyimbo alizokuwa akiimbiwa, muulize mama yake alikuwa anakula nini na hali nini, muulize miiko ya uzazi. Mambo hayo ndiyo yanayokwambia mtu katoka wapi.

Ukweli_Mchungu

Mimi nitasema kilichonikuta. Tulipima ndugu watatu kwa ajili ya kujua asili tu. Mmoja wetu akatoka anachangia nasi nusu ya tulichotarajia, maana yake mama mmoja, baba mbalimbali. Mama yetu alikuwa hai. Sitaki kueleza zaidi, ila ule mwaka ulikuwa mgumu sana nyumbani na mpaka leo kuna mtu haji kwenye shughuli.

Kipimo hakijibu swali uliloliuliza peke yake. Kinajibu na usiyoyauliza. Mzee ana watoto, ana wajukuu, pengine ana ya ujanani. Mwambie hilo waziwazi kabla hajatoa mate, mkiwa wawili tu, bila watoto wake kusikia. Akisema hapana, iwe hapana, na kaka zako wasijue kama alisema hapana kwa sababu gani.

Ustadhi_Temeke

Kuhusu nyumba, mwondoe hofu kaka yako. Nyumba yenyewe ni ya babu? Kama ni ya babu, mdogo wake bibi hana fungu lolote humo, hakuwa ndugu wa babu. Na hata ingekuwa mali ya bibi mwenyewe, bibi aliacha watoto wa kiume, na mtoto wa kiume anamzuia dada wa marehemu asirithi. Mjukuu wa huyo dada ndiyo kabisa. Kijana anatafuta kuunga udugu, na kuunga udugu ni amri. Mjibuni salamu zake.

BintiMapipa

Ndiyo Ustadhi, nyumba ni ya babu, aliijenga kabla hajamuoa bibi. Nimeituma hii kwenye kundi la ukoo sasa hivi. Ahsante sana.

Kirima_Juu

Sisi kwetu Kilimanjaro hatuoni DNA kama mambo ya Wazungu tena. Mangi Meli, mtawala wa Old Moshi, alinyongwa na Wajerumani Machi 1900 pamoja na wenzake, na kichwa chake inaaminika kilipelekwa Ujerumani. Wazee walitoa mate yao, akiwemo mjukuu wake, Isaria Meli. Mwaka 2023 Berlin ikatangaza kwamba katika mafuvu zaidi ya 1,100 ya Afrika Mashariki waliyoyachunguza, wamepata yanayolingana na familia zilizo hai Kilimanjaro. Moja lilikuwa limeandikwa "Akida", mshauri wa Mangi Meli, na likalingana na mtu wa ukoo wake. La Meli mwenyewe bado. Lakini fikiria familia ya Akida: zaidi ya miaka 120 hawana pa kumlilia, halafu mate ya mzee mmoja yanawaambia mtu wenu ndiye huyu hapa. Mwulize mzee, dada. Usimuamulie.

Faragha_Kwanza

Naunga mkono, lakini jueni mnampa nani. Kampuni ya kupima DNA ya 23andMe ilivuja taarifa za watu karibu milioni 6.9 mwaka 2023, Machi 2025 ikaomba ulinzi wa kufilisika na ikauzwa mwaka huo huo. Nywila unaweza kubadili, vinasaba huwezi, na vya mzee ni vya wajukuu zake pia. Fungueni akaunti kwa jina lisilo lake kamili, kataeni kipengele cha utafiti, na mkishapata jibu pakueni taarifa zenu kisha ombeni zifutwe na sampuli iharibiwe.

Jingine: hapa nchini kuna Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya 2009, na Mkemia Mkuu wa Serikali ndiye msimamizi. Kabla mdogo wako hajabeba mate ya mtu kwenye begi kurudi nayo Marekani, pitieni ofisi zao Barabara ya Barack Obama mkaulize utaratibu wa kutoa sampuli nje ya nchi.

BintiMapipa

Narudi na mrejesho, na swali moja.

Nimekaa na mzee jana baada ya alasiri, mimi na yeye tu, kama mlivyoshauri. Nilimweleza yote, mpaka la Ukweli_Mchungu nililieleza. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Huyo kijana, bibi yake alikuwa na kovu hapa?" akagusa chini ya kidevu. Alisema mama mdogo wake alianguka na mtungi kisimani wakiwa watoto, bibi alikuwa akilisimulia na kulia kwa kuwa yeye ndiye aliyemtuma maji. Mimi sijawahi kulisikia hili, na kaka zangu pia hawalijui. Nimerekodi.

Nimemwandikia kijana bila kumtajia kovu. Nimemwomba tu picha za bibi yake, za karibu, za usoni.

Mzee amekubali kupima. Sharti lake ni kwamba aambiwe habari za mama yake mdogo tu, mengine asiambiwe wala wasiambiwe wanawe. Mdogo wangu ameapa. Mkemia Mkuu tunakwenda Jumatatu.

Swali: mzee anatumia dawa za presha na mdomo unamkauka sana, hata kumeza tonge anahitaji maji. Ile alama ya kujazia mate kwenye kichupa sidhani kama ataifikia. Inakuwaje?

Maabara_Upanga

Msimlazimishe mate, na wala asiache dawa. Yapo makampuni yanayotumia kijiti cha pamba cha kusugua ndani ya shavu, MyHeritage na FamilyTreeDNA wanafanya hivyo, na hao wa pili ndio wanaouza pia kile kipimo cha mitokondria nilichokueleza. Mwambie mdogo wako abadilishe oda kabla hajasafiri. Siku ya kupima asile, asinywe wala asivute kabla, kisha asugue kila shavu, yote kwa muda ulioandikwa kwenye maelekezo, taratibu, kijiti kisiguse kitu kingine. Fanyeni asubuhi kabla ya chai. Na kijana wa Maskati naye mwambieni apime mitokondria kampuni hiyo hiyo, la sivyo hamtakuwa na cha kulinganisha.